UZI: Mvinyo wa matunda ya kopo nyumbani, hasa pichi na matunda mengine yasiyolimwa kwetu

Mchachuaji wa Ntinda

Ndugu zangu, swali la mvinyo wa matunda ya kopo huibuka kila mara na majibu yake huwa ya mkato: mmoja husema inawezekana, mwingine husema ni kutupa fedha katika nchi kama Uganda, ambayo mananasi yamepangwa kando ya barabara kutoka Kayunga hadi Masaka. Mimi nashikilia kwamba kopo lina nafasi yake, ingawa nafasi hiyo ni finyu, na kwamba anayetaka kulitumia hana budi kuelewa kuwa ndani ya kopo hamna tunda bichi bali tunda lililokwisha kupikwa. Karibu kila hatua inayoutofautisha mvinyo huu na ule wa tunda bichi inatokana na jambo hilo moja.

Pichi, aprikoti, cheri, plamu na pea ni matunda ya nchi zenye majira ya baridi. Miti yake huhitaji kupumzika katika baridi kabla ya kuchanua, na sisi tulio jirani na ikweta hatuna majira hayo; hata matufaha ya Kabale yamewezekana kwa sababu ya mwinuko wa nchi na kwa sababu wakulima walipewa aina zisizodai baridi nyingi. Matunda hayo yakiletwa Kampala mabichi, huwa yamesafiri mno na bei yake hairuhusu mtu kuyaponda kwa kilo. Kopo la pichi kutoka Afrika Kusini, kwa upande mwingine, lipo dukani mwaka mzima, na tunda lililomo ni laini, limekwisha kumenywa na kutolewa kokwa. Ukilifungua halina hamira ya mwituni wala bakteria wa siki, kwa kuwa joto la kiwandani limewamaliza wote. Mwanzo safi namna hiyo ni vigumu kuupata kwa tunda la sokoni.

Lakini joto lililoua bakteria halikuishia hapo. Sehemu kubwa ya harufu ya tunda imepotea. Ganda, ambalo ndilo lenye tanini ya kuupa mvinyo ukakasi wake, limebaki kiwandani. Asidi imegawanyika kati ya tunda na shira, nayo ikawa hafifu. Chakula cha hamira, hasa naitrojeni, ambacho hata katika matunda mabichi hakitoshi, hapa ni kidogo zaidi. Mtu akimimina kopo ndani ya ndoo, akaongeza sukari, maji na hamira, atapata kileo bila shaka, ila kitakuwa chepesi mdomoni kama maji ya sukari yaliyochacha. Vitu hivyo sharti avirudishe mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, tusome lebo. Kwa kawaida matunda ya kopo huhifadhiwa kwa joto pekee, hivyo mengi hayana dawa ya kuzuia hamira, lakini msiende kwa mazoea. Mkiona potasiamu sorbeti, yaani E202, au sodiamu benzoeti, yaani E211, rudisheni kopo rafuni, kwa maana dawa hizo zimewekwa makusudi ili hamira isizaliane. Asidi ya sitriki, E330, na vitamini C, E300, hazina neno. Ya kwanza hata inatusaidia. Kopo lililotiwa utamu wa bandia halitufai, kwa sababu hamira haiwezi kuula utamu huo: utabaki hadi mwisho, na kileo hakitaongezeka hata kidogo.

Kuhusu shira, tunda lililowekwa katika maji yake lenyewe ni bora kuliko lililowekwa katika shira nzito. Shira nzito si mbaya, ila hapo mnanunua sukari kwa bei ya tunda, ilhali sukari ya kawaida ya Kakira au Lugazi hufanya kazi ile ile. Msiimwage, kwa kuwa imebeba ladha na asidi ya tunda. Iingizeni katika hesabu.

Na jambo la usalama lisilo na mjadala: kopo lililovimba, linalovuja, au linalotoa hewa kwa nguvu na harufu mbaya linapofunguliwa hutupwa lilivyo. Halionjwi kwanza.

Mama wa Kangulumira

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimekubali habari ya pichi, lakini mbona dukani naona vijana wakinunua mananasi ya kopo kwa kazi hiyo hiyo? Huku kwetu nanasi la shamba linaiva hadi linanukia nyumba nzima, maganda yake tunachemshia munanansi pamoja na tangawizi na majani ya chai, hakuna kinachotupwa. Naomba uniambie, kuna faida gani kununua la kopo lililotoka Thika au Thailand wakati hili liko mlangoni?

Mchachuaji wa Ntinda

Mama, shikamoo. Kwa nanasi sina utetezi wowote, na wala sitafuti. Nanasi bichi lina harufu ambayo kopo haliwezi kuifikia na lina asidi ya kutosha. Msimu wake unapokuwa mzuri halihitaji chochote isipokuwa sukari na hamira safi. Embe nalo ni vivyo hivyo, na machungwa ya Teso pia, ambayo tangu kiwanda cha Soroti kilipofunguliwa mwaka 2019 yana mnunuzi mwingine mbali na sisi.

Ningeruhusu jambo moja tu. Anayejifunza anaweza kuanza na kopo la nanasi kwa sababu sukari yake inajulikana kutokana na lebo, na hakuna viumbe vya mwituni vya kumharibia kazi, hivyo akipata matokeo mabaya atajua kwamba tatizo liko katika usafi wake au hamira yake na si katika tunda. Akishaelewa, aje kwako anunue la shamba.

Msomaji wa Jinja

Kaka, tunashukuru kwa maelezo. Tafadhali tupatie vipimo vya kiasi kidogo, tuseme lita 5, kwa mtu asiye na vifaa vingi. Pia nauliza kama hamira ya mkate inafaa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyopo katika kila duka la mtaani.

Mchachuaji wa Ntinda

Ndugu wa Jinja, nitaeleza kwa pichi, nawe utabadilisha mwenyewe kulingana na tunda.

Chukua makopo 3 yenye uzito wa gramu 825 kila moja. Tuseme lebo inasema kuna gramu 15 za sukari katika kila gramu 100. Makopo yote yana gramu 2,475, kwa hiyo sukari iliyomo ni kama gramu 370. Sasa, katika lita moja ya mvinyo, kila gramu 17 za sukari hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Lita 5 za mvinyo wa asilimia 12 zitahitaji basi gramu 1,020. Toa zile 370, na utaongeza gramu 650. Angalia tu kama lebo inahesabu tunda pamoja na shira au tunda pekee, kwa sababu zipo za aina zote mbili. Mwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wa mchanganyiko ukilinganishwa na maji, atapima badala ya kukisia: akiona takriban 1.080 mwanzoni na 0.992 mwishoni, atoe ya pili katika ya kwanza, azidishe kwa 131, naye atapata asilimia 11 na nusu hivi. Kifaa hicho ni kijiti cha kioo kinachoelea, na katika vifaa vyote vya kununua ndicho ningekitanguliza.

Chombo kiwe ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, ya lita 8 au 10, ili povu lipate nafasi. Jerikani la njano lililowahi kubeba mafuta ya kupikia halifai hata likioshwa mara ngapi, maana mafuta yamenywea ndani ya plastiki. Lililobeba mafuta ya taa ndilo lisitajwe kabisa. Sufuria ya alumini nayo ikae mbali na kazi hii, kwa sababu asidi huila polepole. Osha kila kitu kwa sabuni, suuza vizuri, kisha mwagia maji yanayochemka. Ukitumia dawa ya klorini, suuza tena na tena kwa maji yaliyochemshwa, kwani mabaki yake huacha ladha ya dawa ambayo haiondoki.

Ponda pichi kwa mwiko ndani ya ndoo, pamoja na shira yake yote. Chemsha lita 2 za maji, koroga sukari humo mpaka iyeyuke, kisha mimina juu ya tunda. Tengeneza kikombe kimoja cha chai ya rangi, nzito na isiyo na sukari, uongeze. Hiyo ndiyo tanini iliyoondoka na ganda. Kamua malimau 2 au 3, au weka kijiko kimoja cha chai cha asidi ya sitriki. Wachache huongeza kiganja cha zabibu kavu zilizokatwakatwa ili mvinyo uwe na uzito mdomoni, nami ni mmoja wao, ila uzisome lebo zake pia, kwa sababu baadhi yake hupakwa mafuta. Ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ujazo ufike lita 5 na ushei, maana rojo litachukua sehemu yake. Maji ya bomba ya Kampala na Jinja yana klorini, na kuyachemsha huipunguza.

Subiri mchanganyiko upoe hadi ukiugusa usihisi joto. Hapo ndipo unapotia kimeng'enya cha pektini, yaani kile kinachokata ute wa tunda ili mvinyo uwe mwangavu, kama unacho, ukafunika na kuacha usiku kucha. Ukikitia katika maji ya moto umekiua.

Sasa hamira. Ile ya mkate ni ya jamii moja na ya mvinyo, kwa hiyo itachachua. Hitilafu zake ni kwamba hulegea mapema kileo kinapopanda, huelea kwa muda mrefu badala ya kutulia chini, na wakati mwingine huacha harufu ya unga uliochachwa. Hamira ya mvinyo huja katika pakiti ya gramu 5, ambayo hutosha hata lita 20. Mojawapo inayojulikana sana ni EC-1118, nayo huvumilia kileo hadi asilimia 18 na joto kati ya nyuzi 10 na 30. Kwa wenye pichi, 71B ni bora zaidi kwa sababu huacha harufu ya matunda. Ukilazimika kutumia ya mkate, lenga asilimia 9 au 10 badala ya 12, yaani punguza sukari ya kuongeza hadi gramu 400 au 480. Iloweshe kwanza kwa dakika 15 katika maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hadi 40, kisha mimina.

Chakula cha hamira kinauzwa, na penye matunda ya kopo ninakihesabu kuwa cha lazima. Asiyekipata achukue kijiko cha chai cha hamira ya mkate, aichemshe kwa dakika kadhaa mpaka ife, na aimimine ndani. Hamira iliyo hai hula iliyokufa.

Kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo, rojo litapanda juu na kuwa kama kofia. Lizamishe kwa mwiko safi asubuhi na jioni, vinginevyo litakauka na kuota ukungu. Povu likishuka, chuja kwa kitambaa safi bila kukamua kwa nguvu, na uhamishie mvinyo kwenye mtungi wa kioo uliojaa hadi shingoni. Funga kwa kizibo chenye mrija ambao ncha yake imezama katika kikombe cha maji, ili hewa itoke lakini isiingie. Puto lililotobolewa kwa sindano linafanya kazi hiyo pia, ingawa huchakaa haraka. Baada ya wiki 3 au 4 mashapo yatakuwa yametulia. Vuta mvinyo ulio juu yake kwa mpira mwembamba na uuhamishie kwenye mtungi mwingine, kisha urudie baada ya miezi 2. Kabla ya mwezi wa nne usifikirie chupa.

Kuna tabia yetu moja inayoharibu kazi hii: haraka. Malwa, pombe yetu ya ulezi, hunywewa ikiwa bado inachemka kwenye chungu, watu wakiizunguka na mirija yao, na tonto, pombe ya ndizi, haivuki siku chache kabla haijachachuka kupita kiasi. Vinywaji hivyo vimeumbwa viwe hivyo. Mvinyo wa pichi ukiuonja katika wiki ya tatu utaumwaga, ilhali ule ule katika mwezi wa sita utaugawia wageni.

Mkemia Mstaafu

Nimefurahi kuona maelezo yenye vipimo. Niongeze mawili matatu.

Kwanza, mvinyo usiokuwa mwangavu. Joto la kiwandani huitoa pektini ndani ya tunda na kuiyeyusha, ndiyo maana mvinyo wa kopo huwa na utando wa maziwa ambao hautulii hata ukingoja mwaka. Kimeng'enya alichokitaja ndugu wa Ntinda huikata pektini hiyo vipande vidogo, nacho hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kileo kuwa kingi, kwa hiyo kukitia mwishoni ni kukipa mlima wa kupanda. Ukitaka kujua kama utando wako ni wa pektini, chukua kijiko kimoja cha mvinyo, changanya na vijiko vitatu au vinne vya spiriti ya kuwashia moto katika glasi ndogo, na usubiri. Nyuzi au mabonge kama ute yakijitokeza, ni pektini. Yasipojitokeza, huenda ni hamira au protini, na udongo wa bentonaiti utayazamisha. Glasi hiyo imwagwe mara moja na ioshwe. Spiriti hiyo ni sumu.

Pili, kopo lenyewe. Kwa ndani limepakwa bati au rangi maalumu ya kinga, na likiwa limefungwa halina tatizo. Likishafunguliwa, hewa na asidi kwa pamoja huanza kuila bati hiyo. Kwa hiyo hamishia tunda lote kwenye ndoo mara tu unapofungua, na usiache nusu ndani ya kopo hadi kesho.

Tatu, harufu ya mayai yaliyooza katika siku ya tatu au ya nne. Watu hudhani mvinyo umeharibika, nao huumwaga. Mara nyingi ni hamira inayolalamika kwa njaa ya naitrojeni, jambo la kawaida kwa matunda yaliyopikwa. Ongeza chakula chake, koroga vizuri ili gesi hiyo itoke na hewa iingie, na harufu hiyo itaondoka kwa siku moja au mbili. Baada ya kuhamishia kwenye mtungi, hata hivyo, kukoroga namna hiyo kusifanywe, kwa sababu hewa inayosaidia siku ya tatu ndiyo inayoleta siki mwezi wa pili. Wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu hubeba bakteria wa siki miguuni. Akiingia mmoja tu ndani ya mtungi, hesabu imebadilika.

Mkazi wa Kabale

Nami nauliza. Huku kwetu usiku ni baridi kali, na mchanganyiko wangu wa cheri ulisimama kabla ya wiki kwisha. Haidromita inasoma 1.030 na haisogei. Niongeze hamira nyingine?

Mchachuaji wa Ntinda

Ndugu wa Kabale, usikimbilie hamira mpya. Hamisha kwanza mtungi: uweke chumba cha ndani, juu ya ubao badala ya saruji, uuzungushie blanketi, halafu tikisa taratibu ili hamira iliyolala chini inyanyuke. Joto la nyuzi 20 hadi 24 likidumu, mara nyingi kazi huanza tena yenyewe. Ukiona siku 3 zimepita bila dalili, anzisha hamira ya mvinyo katika glasi yenye maji na sukari kidogo, na ikishachemka, iongeze kijiko kimoja kimoja cha mvinyo wako kwa saa kadhaa ili izoee kileo, ndipo uimimine yote. Hamira kavu ikitupwa moja kwa moja katika mvinyo wenye kileo mara nyingi hufa. Cheri za kopo huja pia katika shira nzito sana, kwa hiyo angalia kama hukuanza na sukari kupita kiasi. Juu ya 1.110 hamira hulemewa na utamu wenyewe.

Sisi wa Kampala tuna tatizo la kinyume. Mchana chumba hufika nyuzi 27 au 28, na uchachukaji wenyewe huongeza joto. Mvinyo huisha haraka lakini harufu yote ya pichi hutoka na hewa. Weka mtungi sakafuni, ndani ya beseni la maji, umefunikwa kitambaa ambacho ncha zake zimezama majini. Maji hupanda kwenye kitambaa, hukauka, na mtungi hupoa bila kutegemea umeme.

Dada wa Mbale

Kaka, wangu umekuwa mkavu mno, hauna utamu hata chembe. Naomba kujua kama ninaweza kuongeza kijiko cha sukari katika kila chupa wakati wa kufunga, kama wengine wanavyoshauri.

Mchachuaji wa Ntinda

Dada, tafadhali sana usifanye hivyo. Hebu tuhesabu. Kijiko cha mezani cha sukari ni kama gramu 12. Katika chupa ya mililita 750 hiyo ni gramu 16 kwa lita. Hamira iliyobaki, hata ile isiyoonekana kwa macho, ikiila sukari hiyo hutoa hewa, na kila gramu 4 kwa lita huongeza mgandamizo wa takriban angahewa moja. Utakuwa na angahewa 4 ndani ya chupa ambayo haikutengenezwa kwa mvinyo wa mapovu. Ama kizibo kitaruka usiku, ama chupa itapasuka na vipande vyake kumkuta mtoto aliyepita karibu na kabati.

Njia salama ni hizi. Ya kwanza ni kuuacha mkavu na kutia utamu ndani ya glasi wakati wa kunywa, na shira iliyobaki kwenye kopo la pichi lililofunguliwa siku hiyo hufaa kuliko sukari. Ya pili ni kuuzuia: mvinyo ukishakuwa mwangavu kabisa na haidromita haijasogea kwa wiki kadhaa, tia potasiamu sorbeti pamoja na kidonge cha salfaiti (dawa ya kuhifadhi inayozuia vijidudu), kimoja kwa takriban lita 4 na nusu, ungoje siku moja, utie utamu, kisha ungoje tena wiki chache ukiwa mtungini kabla ya chupa. Hivyo viwili viende pamoja. Sorbeti pekee huwaacha bakteria wa maziwa hai, nao huigeuza kuwa harufu ya majani ya jeraniamu ambayo haina dawa. Na mwenye pumu katika familia aambiwe kwamba mvinyo una salfaiti, kwa maana wapo wanaobanwa kifua nayo.

Kwa asiye na hakika, chupa ya plastiki ya soda ni mlinzi mzuri. Jaza moja pamoja na zile za kioo, na uiminye kila wiki. Ikiwa ngumu, fungua zote.

Afande wa Bombo

Wakuu, wangu umeishia kama asilimia 8 tu. Kuna jirani ananishauri niuchemshe nivune kilicho kikali, kama wafanyavyo wapika waragi. Mwasemaje?

Mkemia Mstaafu

Afande, huo ni ushauri wa kukataa bila kusitasita. Uchachushaji wa matunda hutoa methanoli kidogo sana kutokana na pektini, kiasi ambacho katika glasi ya mvinyo hakina madhara. Kutonesha, yaani kuchemsha na kuvuna mvuke, ndiko kunakokusanya mahali pamoja kilichokuwa kimetawanyika, na mtungi wa nyumbani hauwezi kukuonyesha kipi kimetoka saa ngapi. Hatari kubwa kuliko hiyo ni ya kuongezewa methanoli ya viwandani na wauzaji. Ndivyo walivyokufa watu kadhaa wa kadhaa katika maeneo ya Kabale mwezi Aprili 2010. Mbali na hayo, utoneshaji bila leseni umekatazwa hapa nchini tangu sheria ya enguli, yaani pombe ya kutoneshwa, ya miaka ya 1960. Asilimia 8 ni mvinyo mwepesi halali. Uweke mahali pa baridi na uunywe mapema, kwa kuwa hautadumu kama wa 12.

Na kwa kuwa najua swali litakalofuata: kunywa na kugawia jamaa ni jambo moja, kuuza ni jingine. Anayeuza anahitaji leseni, alama ya Q ya Shirika la Viwango, pamoja na stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato. Mvinyo wa makopo hautamlipa gharama hizo.

Mama wa Kangulumira

Mmenifunza mengi. Sasa niulize la mwisho: nikichanganya nanasi langu na pichi hizo za kopo, itakuwaje?

Mchachuaji wa Ntinda

Mama, hapo umegusa matumizi ambayo ningeyapendekeza kuliko yote. Nanasi bichi lina asidi na harufu, pichi lililopikwa lina ulaini na uzito. Kila moja linajaza pengo la mwenzake. Kwa lita 5, tumia kopo moja la pichi na nanasi kubwa moja lililoiva, limenywe na kutolewa macho yote, kwa sababu uchafu hujificha humo. Nanasi litaleta viumbe vya shambani, kwa hiyo mwagia maji ya sukari yakiwa bado yanachemka juu ya matunda yote, au tia kidonge kimoja cha salfaiti na ungoje saa 24 kabla ya hamira. Hesabu ya sukari itakuwa ya kukisia, maana nanasi halina lebo. Lihesabu kuwa na gramu 12 kwa kila gramu 100 za nyama yake, na kama una haidromita ifuate hiyo. Chai ya rangi weka kama kawaida. Malimau usiyaweke mwanzoni: onja kwanza mchanganyiko kabla ya hamira, na ukiona bado umepooza, kamua moja.